Naomba ushauri: SOAP au REST kwa mifumo ya ofisi inayotakiwa kuongea?

Habari wakuu, naombeni msaada wa mawazo. Ofisini tuna mifumo mitatu, mauzo ni PHP, stoo ni Java, uhasibu ni .NET, na kila mmoja unachungulia databesi ya mwenzake moja kwa moja, yaani ukibadili jina la kolamu moja tu huku, kule ripoti zinakufa. Sasa bosi amekubali tutengeneze web servisi, yaani mifumo iombane data kwa ujumbe kupitia mtandao, kila mfumo utoe huduma zake na databesi yake ifungwe.

Mfumo wa uhasibu ni wa zamani, unatoa SOAP tu (mtindo wa web servisi wa ujumbe wa XML wenye kanuni kali), na mi kusema kweli siuchukii, ile WSDL, faili linaloeleza huduma za SOAP, inambana kila mtu maana field na aina zake zimeandikwa kabisa, hakuna kubishana. Ila vijana wa mauzo wanataka REST (mtindo mwepesi zaidi, maombi ya kawaida ya HTTP) na JSON (muundo wa data mfupi kuliko XML), app ya simu inawasumbua na XML.

Je niweke kitu katikati kinachotafsiri, au ESB kamili, yaani programu ya kati inayopitisha ujumbe wa mifumo yote? Naona ESB ni mzigo kwa mifumo mitatu, na ikilala yenyewe wote tumelala.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiki: mauzo yametuma ankara, mtandao umekatika kabla jibu halijarudi, yanatuma tena, uhasibu unaandika mara mbili. Nafikiria kila ombi libebe namba yake ya kipekee na uhasibu uikumbuke, ikirudi urudishe jibu lilelile. Aliyefanya hivi, hizo namba mnazitunza muda gani kabla ya kuzifuta?