Propela ya mbao iliyokutwa Kongwa: nimwambie mnunuzi ni nzima?

SeremalaMakole
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Makole, Dodoma mjini. Mwezi uliopita tulimaliza arobaini ya babu kule Kongwa. Tukisafisha ghala lake tukakuta darini propela ya ndege, ya mbao, imeviringishwa kwenye gunia la katani. Babu akiwa kijana alifanya kibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, lakini hakuwahi kutueleza kitu hiki alikipata wapi.

Nimeipima, ncha hadi ncha ni sentimita 183. Imeunganishwa kwa tabaka tano za mbao. Si mninga, si mkongo, si mvule. Ni mbao nyeupe-njano, nzito, nyuzi zake zimebanana sana. Kitovuni kuna tundu kubwa la katikati na matundu sita ya bolti kulizunguka. Ukingo wa mbele wa kila panga umevikwa bati la shaba. Maandishi ya kitovuni mtu aliyapiga msasa kisha akapaka vanishi. Nikimulika tochi kwa ubavu nasoma "72", halafu "4", tarakimu ya mwisho imefutika.

Kuna jamaa wa Singida anaunda ndege ndogo ya mtu mmoja kwa injini ya Volkswagen Beetle. Anatoa laki sita. Ameniambia, "Wewe ni fundi mbao, ukisema ni nzima naifunga." Nimeitundika kwenye bomba, ikatulia mlalo bila kuinamia upande wowote. Nimeigonga kwa sarafu kuanzia kitovuni hadi nchani, mlio ni mmoja. Ufa sijauona. Laki sita kwangu ni ada ya muhula mzima, sitaki kudanganya. Lakini neno "nzima" linanikwama kooni.

MkulimaBahi
Mbao ikikaa miaka yote hiyo bila kupasuka ujue imekomaa. Wafunge kwenye injini, ndege ifungwe kamba kwenye mti, wakanyage mafuta mpaka mwisho nusu saa. Ikivumilia hapo, hata angani itavumilia.

FundiNdegeMstaafu
Kijana wangu seremala, pole kwa msiba. Nimefanya kazi kwenye karakana za ndege ndogo zaidi ya miaka 30, sasa napumzika Kikuyu hapa hapa Dodoma. Kwa heshima zote kwa ndugu wa Bahi, usifuate ushauri huo. Propela ikikatika chini inaua aliye jirani. Na ikivumilia nusu saa, umejua habari ya nusu saa hiyo tu.

Ulichofanya ni kizuri, ila angalia kinakwambia nini. Kutulia mlalo kunaonyesha mapanga mawili yana uzito sawa, hakuonyeshi kama yana nguvu. Mlio wa sarafu unaweza kukuonyesha tabaka iliyoachia, lakini hauwezi kukwambia gundi iliyobaki ina nguvu kiasi gani. Propela za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa, na unyevu huila polepole. Zilizofuata zikaja na gundi ya resosino, ambayo huacha mstari wa rangi ya kahawia iliyokolea kati ya tabaka. Kwa macho utaona sababu ya kuikataa. Sababu ya kuipitisha iko kwenye karatasi zake: nani aliitengeneza, kwa injini gani, imefanya kazi saa ngapi, iliwahi kugonga nini. Aliyepiga msasa yale maandishi alifuta karatasi ya mwisho iliyokuwa imebaki.

Nikueleze kitu nilichokishika kwa mkono. Nikiwa bado fundi msaidizi, tuliletewa ndege ambayo bolti za propela zilikazwa masika, ikaendelea kuruka kiangazi chote. Ilikuwa Septemba, unajua upepo wetu wa vumbi. Waya wa usalama uliopita kwenye vichwa vya bolti ulikuwa mzima kabisa, haujaguswa. Nilipoukata na kuweka spana, bolti ya kwanza ikazunguka karibu bila nguvu ya mkono. Mbao ilikuwa imekauka na kusinyaa, bolti zikabaki hazina cha kubana. Tulipoitoa propela, uso wa kitovu uliolalia flanji ya injini, ile sahani ya chuma inayofungiwa propela, ulikuwa mweusi, umeungua kwa msuguano, unanukia kama mti uliochomwa. Ndiyo maana bolti za propela ya mbao hukaguliwa baada ya safari ya kwanza tu, na kila baada ya saa kadhaa za kuruka, hasa majira yakibadilika.

Kwa hiyo chukua tochi na kalipa uangalie: uso wa kitovu una weusi? Matundu ya bolti bado ni duara? Na pale kwenye shaba, vichwa vya skrubu vimefunikwa risasi ya kulehemu. Kuna mstari mwembamba kama unywele? Mstari huo mara nyingi unatokana na mbao ya chini yake.

BintiIhumwa
Shikamoo mzee. Mimi nasomea uhandisi wa mitambo, naongezea upande wa hesabu. Hiyo 72 ni inchi, yaani zile sentimita 183. Namba ya pili, arobaini na kitu, ni hatua: umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao.

Tatizo ni injini. Beetle ikigeuzwa kuwa ya ndege bila gia huzunguka kama mara 3,300 kwa dakika, na watu huifungia propela ya inchi 60 au pungufu. Hii ya 72 ni ya injini inayozunguka taratibu, kama 2,400. Kwa 3,300 ncha yake ingekwenda mita 316 kwa sekunde, karibu na kasi ya sauti. Ila nadhani injini haitaifikisha huko. Italemewa, ikose nguvu wakati wa kupaa, na Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi.

Hata kwa 2,400, panga la kilo mbili na nusu linavutwa kutoka kitovuni kwa nguvu ya zaidi ya tani 5. Gundi na nyuzi ndizo zinazoshikilia.

FundiNdegeMstaafu
Marahaba binti. Basi hata ingekuwa mpya kutoka kiwandani, si ya injini ile.

SeremalaMakole
Shikamoo mzee, asante dada. Nimekagua leo mchana, juani. Matundu mawili kati ya sita yamekuwa yai, tofauti ni milimita moja na kidogo. Nikakwangua vanishi kwa kipande cha kioo: kuna pete nyeusi kuzunguka matundu hayo, na puti ya kuzibia mbao imejazwa juu yake. Mtu aliificha. Jana nilikuwa naiona propela nzuri kweli.

Nimempigia jamaa wa Singida. Alikasirika, baadaye akatulia, anauliza sasa afanyeje.

FundiNdegeMstaafu
Amwandikie mtengenezaji wa propela ampe aina ya injini, uzito wa ndege na kasi anayotarajia, atengenezewe yake. Na kabla hajapaa aende Mamlaka ya Usafiri wa Anga, asikwepe.

Wewe, yako usiirudishe darini ilivyo. Wewe uliikuta ukaulizwa kama inaruka, na mjukuu wako naye ataulizwa.

SeremalaMakole
Nimekuelewa mzee. Jana jioni nimepitisha keekee ya milimita 20 katikati ya kila panga, na kitovuni nimechonga kwa patasi SI YA KURUKA, herufi za kina cha kidole. Makombo yalitoka meupe, makavu, hayana doa hata moja, na mkono uliniuma kuitoboa mbao ya namna hiyo. Bibi ameiomba iwekwe sebuleni Kongwa, juu ya kiti alichokuwa anakalia babu. Jumamosi naipeleka.