Re: SDQ imerudi tena, swali la 11

Mama Wawili:
Wapendwa, salaam. Ofisi ya shule imenirudishia SDQ, lile dodoso la uwezo na matatizo ya mtoto, mara ya pili kwa sababu swali la 11 niliacha wazi. Kijana ana miaka 15, hesabu alikuwa anaongoza, muhula huu anaporomoka tu. Wanauliza kama ana rafiki mzuri angalau mmoja. Kalamu mkononi, mlango wake umefungwa, na mimi mama yake sijui. Nikijaza, karatasi hii inakaa kwenye faili lake mpaka lini?

Kaka Mkubwa:
Pole dada. Wa kwangu alipata 19 kati ya 50, wakaniita kama nimeua mtu.

Mwalimu Mstaafu:
Ni 40, si 50. Maswali ni 25, kila moja hadi alama 2, lakini yale 5 ya utu wema hayajumlishwi kwenye alama za matatizo. Tusipotoshane. Na dada, kuanzia miaka 11 mtoto ana fomu yake, mpe ajaze. Utafiti wa 2019 wa OECD, lile shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea, uliwapima wa miaka 10 na wa 15 stadi za kijamii na kihisia: wakubwa walijipa alama za chini kwenye stadi nyingi. Umri wenyewe ndio huo. Vilivyoendana zaidi na alama za darasani ni udadisi na kutokata tamaa.

Shangazi wa Zamu ya Usiku:
Binti yangu waliandika "hajiamini". Hajiamini wapi, lugha ilikuwa haijamkaa! Alipopata mwenzake mmoja wa kumpigia simu kuuliza kazi ya nyumbani, akainuka. Kule nyumbani nisingejaza chochote, bibi yake angeshamkalisha chini akamuuliza.

Kaka Mkubwa:
Kule nyumbani wizara inajua mitihani tu, shangazi. Wakati uchambuzi wa 2011, programu 213, ulionyesha watoto waliofundishwa stadi hizi walipanda asilimia 11 kwenye masomo.

Mwalimu Mstaafu:
Pasentaili 11, si asilimia! Pasentaili ni nafasi ya mtoto kwenye mstari. Aliyekuwa katikati ya mstari wa watoto 100 anawapita 11 zaidi. Na humo walikuwemo hata wadogo kabisa, si vijana peke yao.

Mama Wawili:
Asanteni. Nimemgongea, nimempa fomu yake. Swali la 11 ameweka "kweli kiasi", akafuta, akaweka tena. Sikumuuliza ni nani. Ila lile la faili?

Kaka Mkubwa:
Mwalimu, kumbe pasentaili na asilimia si kitu kimoja.