Siku tatu Mexico na mama: tulale Guanajuato au San Miguel de Allende?

MwanaTanga

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa waliokwishafika.

Mwisho wa Novemba nina likizo fupi na nimeamua kumpeleka mama Mexico. Mama alifundisha historia sekondari kule Tanga miaka mingi, sasa amestaafu na yuko kwangu Houston hadi Januari. Tutakuwa na mwanangu wa miaka 14. Tuna siku kamili tatu, basi. Ndege inatua uwanja wa Bajío, pale Silao, na kutoka hapo kuna miji miwili inayonivuta: Guanajuato na San Miguel de Allende. Yote imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Guanajuato tangu 1988, San Miguel tangu 2008. Sitaki kuhamahama nyumba za wageni na mzee, kwa hiyo lazima nichague mmoja wa kulala.

Mambo mawili ya kuzingatia. Magoti ya mama yanamsumbua. Anatembea vizuri, ila ngazi nyingi mfululizo zinamchosha. La pili, mtoto anataka kwenda kuona zile maiti zilizokauka za Guanajuato, kaziona kwenye simu. Alipolisema hilo mezani mama alinyamaza, na mama yangu akinyamaza ujue kuna neno.

Mngelala wapi, na mngefanya nini?

Nahodha_wa_Bara

San Miguel, mkuu, na sababu ni hayo magoti. Mimi na mke wangu tulikaa siku nne. Ukishafika uwanja wa kati, wenyewe wanauita El Jardín, umefika: mabenchi yenye kivuli cha miti iliyokatwa vizuri, na mbele yako kanisa la Parroquia, jiwe la rangi ya waridi, minara yake imechongoka kama mishumaa. Uso wa kanisa lile aliujenga fundi mwashi wa hapohapo, Zeferino Gutiérrez, mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji husimulia kwamba aliiga picha za makanisa ya Ulaya zilizokuwa kwenye kadi za posta. Jua likianza kushuka lile jiwe hubadilika rangi mbele ya macho yako. Mke wangu alikaa pale jioni nzima na mahindi ya kuchemsha mkononi, hakutaka kuondoka.

Halafu kuna Atotonilco, kilomita kama 14 kutoka mjini. Kanisa dogo, nje kuta nyeupe tupu, ndani hakuna nafasi ya kiganja ambayo haikuchorwa, hadi darini. Pale ndipo padri Miguel Hidalgo alipochukua bendera ya Bikira wa Guadalupe tarehe 16 Septemba 1810, saa chache baada ya kuwaita watu wa mji wa Dolores waasi utawala wa Hispania. Mwalimu wa historia utamtoa pale kwa kumshika mkono. Na njiani kuna mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini. Mtu wa magoti, unataka nini tena?

BintiKisauni

Nahodha kasema kweli kuhusu Atotonilco. Kuhusu kulala, hapana.

Nimeishi Guanajuato miaka miwili nikisoma. San Miguel ni mji mzuri, lakini barabara zake za mawe hazina huruma na magoti, na vijia vya pembeni ni vyembamba, watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Kisha ni mji uliozoea wageni tangu zamani. Baada ya vita vya pili vya dunia wanajeshi wa Marekani waliorudi vitani walikwenda kusoma sanaa pale kwa fedha za serikali yao, wengine wakabaki, na wenzao wanaendelea kuja mpaka leo. Kiingereza utakisikia kila kona, na bei zinajua hivyo. Dada yangu, unatoka Houston, unataka kwenda kukutana na Houston nyingine?

Guanajuato ni mji wa wanafunzi na wa wachimba madini. Uko kwenye korongo, mita kama 2,000 juu ya bahari, nyumba za kila rangi zimepandana mlimani. Usiku wa Novemba kuna baridi, mama abebe shali nzito. Ngazi zipo, sitakudanganya. Lakini ukijua mji unavyofanya kazi, zinapungua.

Kazi yenyewe ni hii. Mto ulipita katikati ya mji, na ulikuwa unaua watu. Mafuriko ya 1905 yalikuwa mabaya sana. Maji yakahamishiwa njia nyingine, na ule mkondo wa zamani miaka ya 1960 ukafanywa barabara ya magari, chini ya nyumba. Ndiyo maana juu kumebaki kwa waenda kwa miguu. Teksi itakupeleka chini kwa chini, kuta za mawe pande zote, taa za manjano, ghafla unaona kibaraza cha mtu kinaning'inia juu ya kichwa chako. Kila mahali pa kushukia pana ngazi za kukutoa juu, pengine 20, pengine 80. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, muulize mwenye nyumba swali moja tu: kutoka teksi inaposimama hadi mlangoni kwako ni ngazi ngapi? Asipotaja idadi, tafuta pengine. Lala karibu na Jardín de la Unión, bustani ya katikati ya mji. Pale ni tambarare kwa kiasi chake, na jumba la maonyesho, Teatro Juárez, liko mbele yako.

Kuuona mji wote kutoka juu, kwenye sanamu la Pípila, msipande kwa miguu. Nyuma ya Teatro Juárez kuna kiberenge kinachovutwa na kamba za chuma, dakika chache mko juu. Nendeni kama saa kumi na moja jioni, mkae mpaka taa ziwake.

MwanaTanga

Asante sana dada. Hilo swali la ngazi nimeliandika. Huyo Pípila ni nani?

BintiKisauni

Mchimba madini. Tarehe 28 Septemba 1810 jeshi la Hidalgo lilifika Guanajuato, Wahispania na matajiri wakajifungia kwenye ghala la nafaka, Alhóndiga de Granaditas. Jengo kubwa la mawe, madirisha madogo, lilikuwa limemalizika mwaka mmoja tu kabla. Risasi zinatoka ndani, huwezi kusogea. Inasimuliwa kwamba Pípila alijifunga bamba la jiwe mgongoni, akatambaa mpaka mlangoni na mwenge, akauchoma mlango. Watu wakaingia, na yaliyotokea ndani yalikuwa mauaji.

Mwaka uliofuata Wahispania walijibu. Hidalgo na viongozi wenzake Allende, Aldama na Jiménez waliuawa, na vichwa vyao vikaning'inizwa kwenye pembe nne za ghala lilelile. Vilikaa pale hadi 1821. Miaka kumi, watu wanakwenda sokoni chini yake. Sasa ni makumbusho, na ngazi kuu imechorwa michoro ya ukutani na José Chávez Morado. Ukiniambia nichague kitu kimoja tu cha kumwonyesha mama yako, ni hapo. Msiende Jumatatu, makumbusho mengi hufungwa.

Kaka_Mpole

Naomba nizungumzie zile maiti, maana ndilo swali gumu kwenye uzi huu.

Watu wengi huenda wakidhani ni kama mambo ya Misri, wafalme na dhahabu. Sivyo. Ni watu wa kawaida wa Guanajuato. Makaburi ya mji yalikuwa vyumba vidogo ukutani, na familia zilitakiwa kulipia. Zisipolipa, mwili unatolewa. Wa kwanza alitolewa 1865, akakutwa hajaoza, amekauka tu, kwa sababu chumba kilikuwa kimezibwa, na hewa ya kule ni kavu. Wakaendelea kutoa wengine, wakawaweka chini ya ardhi, na walinzi wakaanza kupokea chochote kwa waliotaka kuchungulia. Leo ni zaidi ya miili mia moja, na wamo watoto wachanga waliovalishwa nguo za malaika na wazazi wao.

Mimi niliingia na nikatoka katikati. Marehemu anastahili sitara. Hawa kosa lao lilikuwa umaskini. Na sisi wa pwani neno lenyewe mumiani, jina la maiti kavu kama hizi na la wanyonya damu wa masimulizi, halitamkwi ovyo nyumbani kwa watu. Mama yako kanyamaza kwa haki.

Ngamia_Mweupe

Kaka, nakuelewa, na nilikuwa na moyo mzito vilevile. Lakini nilikaa mpaka mwisho, na sijutii. Ukiwaona kwa macho ndipo unajua kodi ya kaburi ilimaanisha nini kwa mtu maskini. Ukisoma kwenye karatasi inapita. Ninachokubaliana nawe ni maduka ya nje, wanauza pipi za sukari zenye umbo la maiti, charamuscas. Hapo ningemfunika mtoto macho.

Kama mkiacha, badala yake mpeleke mtoto mgodini. Kule Valenciana, pembezoni mwa mji, kuna lango la mgodi, Bocamina San Ramón, mnashuka kidogo. Bibi anaweza kubaki kanisani.

Mtoto_wa_Malindi

Mwalimu wa historia kutoka Tanga, halafu Valenciana iwe ya "bibi anaweza kubaki"? Subirini kidogo.

Neno *reale* ambalo wazee wetu walihesabia fedha ni la Kihispania. Na kabla reale ya Sham, ile sarafu ya Austria yenye picha ya Maria Theresa, haijatawala, ilikuwepo *reale ya mzinga*. Ile ni sarafu ya fedha ya Kihispania yenye nguzo mbili zimesimama. Watu wa pwani hawakuona nguzo, waliona mizinga miwili, wakaipa jina hilo. Waarabu nao waliiita vivyo hivyo. Sarafu za namna ile zilipigwa kwa wingi mno katika Jiji la Mexico, na Guanajuato ndiyo iliyokuwa shina la fedha ya nchi ile. Valenciana mwishoni mwa karne ya 18 ilikuwa miongoni mwa migodi iliyotoa fedha nyingi kuliko yote duniani. Mwanasayansi Mjerumani Humboldt alipofika 1803 aliwaona wabebaji wakipanda ngazi za mgodi na mawe mgongoni, siku nzima. Na kwenye migodi ya Guanajuato walitumikishwa Waafrika pia, pamoja na wenyeji. Mexico ilikomesha utumwa 1829, rais akiwa Vicente Guerrero, mwenye damu ya Kiafrika.

Kanisa la San Cayetano la pale Valenciana lilikamilika 1788. Ndani kuna madhabahu tatu za mbao zilizochongwa kama lesi na kufunikwa dhahabu yote. Mama yako akae pale, asibaki pale. Kuna tofauti.

Nahodha_wa_Bara

Nimesoma, nimebadilisha kura. Laleni Guanajuato, siku moja chukueni gari na dereva mwende Atotonilco na San Miguel mrudi jioni. Kwenda tu ni kama saa moja na nusu.

BintiKisauni

Hapo sawa. Callejón del Beso mkipita mpite, uchochoro wenye upana wa sentimita 68 na foleni ya wapenzi wanaongoja kubusiana kwenye ngazi ya tatu. Kisa chake ni cha huzuni, binti wa tajiri na kijana mchimba madini, baba akamchoma binti kisu, kijana akabusu mkono unaopoa. Lakini kwa familia dakika tano zinatosha. Kula: enchiladas mineras, mikate ya mahindi iliyochovywa kwenye pilipili nyekundu, jibini ndani, juu viazi na karoti vya kukaanga. Nyumba aliyozaliwa mchoraji Diego Rivera 1886, Pocitos 47, iko njiani kuelekea Alhóndiga.

MwanaTanga

Wadau, mrejesho.

Tulilala Guanajuato. Nyumba ya kwanza niliyotaka kulipia walijibu swali la ngazi kwa "chache tu". Nikasisitiza idadi, wakasema 94. Nikatafuta pengine.

Siku ya kwanza Alhóndiga. Mama alisimama nje kwenye pembe, akamwonyesha mjukuu kulabu, akamweleza kila kichwa kilikuwa cha nani, taratibu, kama yuko darasani. Watu wawili waliokuwa jirani walisogea kusikiliza ingawa hawakujua Kiswahili. Ndani alichelewa kwenye ngazi ya michoro mpaka mlinzi akamletea kiti.

Siku ya pili Atotonilco na San Miguel. Nahodha, ahsante kwa yale maji ya moto. Ila San Miguel mama alichoka na mawe mapema, tukakaa El Jardín, tukarudi.

Siku ya tatu Valenciana. Nilimsomea maneno ya Mtoto_wa_Malindi kanisani, kwenye benchi, chini ya ile dhahabu. Akaniambia bibi yake alikuwa na reale moja iliyotobolewa, aliivaa shingoni, na hakuwahi kujua imetoka wapi.

Kuhusu maiti, mama ndiye aliyesema twende. Kaka_Mpole, nilishangaa. Alijifunika mtandio vizuri, akaingia, hakupiga picha, na mtoto naye akaweka simu mfukoni bila kuambiwa. Wa kwanza kutolewa alikuwa daktari Mfaransa, Remigio Leroy. Mama alisoma kibao chake mara mbili. "Alitibu watu," akasema, "na asipatikane wa kumlipia kaburi." Mbele ya wale watoto wachanga hakusimama, alipita. Tulipotoka tulikaa kwenye ngazi za Teatro Juárez, mjukuu akahesabu masanamu ya miungu wa sanaa juu ya paa: wanane. Mama akamwambia wa Kigiriki walikuwa tisa, wakabishana mpaka wanafunzi walipokuja na magitaa na majoho yao meusi.

Dada Kisauni, teksi ilitushusha kwenye ngazi 22. Mama alizihesabu kila siku, kwenda na kurudi.