Malengelenge ya mdomoni yanarudi kila nikipata homa, naomba ushauri

BintiRaskazoni:
Asalaam aleykum. Niko Tanga, nauza samaki soko la Deep Sea, juani kutwa. Kila nikishikwa na mafua au homa, mdomo wa juu unaanza kuchomachoma, kesho yake yametoka malengelenge, yanapasuka na kuganda. Nyumbani wanasema malaria inatokea mdomoni, lakini nikipima haipo. Jirani ananihimiza nipake dawa ya meno na ndimu. Tatizo kubwa ni kwamba mdogo wangu kajifungua juzi kule Pangani, na mimi ndiye wa kwenda kumlea mzazi. Mdomo ndio kwanza umetoka. Nifanyeje?

DukaLaDawa_Ngamiani:
Waaleykum salaam dada, pole. Hiyo si malaria, ni virusi vya hepesi. Wengi huambukizwa utotoni, vikajificha kwenye neva za uso. Homa yoyote, uchovu, jua kali au hedhi huviamsha, ndiyo maana watu wakasingizia malaria. Dawa ya kuving'oa kabisa haipo. Kuna krimu ya acyclovir ya asilimia 5: paka mara 5 kwa siku, kwa siku 4 au 5, ukianza pale pale mdomo unapochomachoma. Ikishaganda, hela yako inapotea bure. Hata ukiwahi haikupunguzii zaidi ya siku moja hivi, maana yenyewe hupona kwa siku 7 hadi 10.

MamaWatatu:
Shoga, ndimu na dawa ya meno achana navyo, vitakuunguza ngozi. Mimi nafunga barafu kwenye kitambaa safi, naweka dakika chache, halafu mafuta ya mgando ili ganda lisipasuke nikicheka. Kikiuma sana, panadol. Na hapo Deep Sea vaa kofia pana, upake mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua, SPF 30. Tangu nianze hivyo yananitoka kwa nadra.

Mzigua_Asilia:
Kwetu Handeni tunapaka asali mbichi.

MkungaMstaafu:
Asali kupaka mdomoni mwako haina neno, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa.

Sasa mwanangu, kuhusu Pangani nakuomba unisikilize. Usiende mpaka maganda yadondoke yenyewe na ngozi ifunge. Kwa mtu mzima ni kero, kwa kichanga virusi hivi huweza kufika kwenye ubongo na ini, na huua. Busu moja linatosha. Najua watasema unaringa. Waambie ukweli, mama mwingine akaogeshe mtoto kwa sasa.

BintiRaskazoni:
Bibi, nikienda kupika na kufua tu, bila kumpakata?

MkungaMstaafu:
Bora usubiri. Ikishindikana kabisa, vaa barakoa, nawa kwa sabuni kila ukijigusa uso, kikombe na taulo viwe vyako peke yako, na chumba cha mzazi usiingie. Mtoto akichemka, akikataa ziwa, akilala kupita kiasi au akitoka lengelenge lolote, wampeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

DukaLaDawa_Ngamiani:
Naongezea: jicho likiuma au kuwa jekundu, usijitibu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Pia kidonda kikizidi wiki 2, au yakirudi mfululizo na makubwa, kapime na VVU, maana kinga ikishuka ndivyo yanavyofanya.