Viazi vya maua kwenye ndoo: majani yana vitundu, shina linalegea, nifanyeje?

kibaraza_kireka
Habari zenu wandugu. Nakaa Kireka, pembeni mwa Kampala, nyumba ya kupanga, kiwanja sina ila nina kibaraza na ukuta mfupi wa mbele. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza nilinunua kwa wale wauza maua wa kando ya barabara vile viazi vitamu vya maua, vya kutambaa, aina mbili, moja majani yake ya zambarau iliyoiva karibu nyeusi yamekatika kama vidole, nyingine ni kijani cha ndimu. Yule kijana akaniambia hii haina shida nnyabo (bibi), hata ukiisahau inaota tu. Nikahamishia kwenye ndoo mbili za lita 20 zilizokuwa na rangi ya ukuta, nikazipandisha juu ya ukuta zikashuka mpaka karibu na chini, wallahi hata watu wa boda walikuwa wanasimama kuuliza nimetoa wapi.

Sasa hivi ni aibu tupu. Ile nyeusi imepauka imekuwa kijani kijani isiyoeleweka, majani ya chini yanageuka njano yanadondoka. Ile ya ndimu majani yana vitundu vya mviringo, vidogo vidogo, na ikifika saa saba mchana inalegea yote kama mboga iliyochemshwa hata kama nimemwagilia asubuhi, jioni inajiinua kidogo, kesho hivo hivo. Namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, na mbolea ya kuku nimeweka mara mbili.

Halafu kuna mama mkwe. Amekuja juzi kutoka Masaka, akaziona, akacheka mpaka akakaa chini, ati mnatoa hela kununua lumonde, yaani viazi vitamu hivi hivi vya shambani? Lakini amezipenda, anataka kukata mashina akapande kwenye shamba lake la lumonde apendezeshe. Nimpe? Na chini kukiwa na viazi, vinalika? Msinicheke tafadhali.

mukono_maua
Hatucheki nnyabo, tunacheka kidogo tu. Swali la kwanza, hizo ndoo umezitoboa? Na zimetobolewa chini au ubavuni? Manake wengi wanachukua ndoo ya rangi wanaweka udongo basi, maji yanakaa chini kama kisima, mizizi inaoza, majani ya chini yanakuwa njano, wewe unaona njano unafikiri kiu unaongeza maji. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, kukiwa na unyevu acha, usimwagilie kwa saa ya ukutani, mwagilia kwa kidole.

Ile nyeusi kupauka hiyo ni kivuli. Rangi ya zambarau inataka jua lenyewe, la kutosha, ukiiweka chini ya paa au chini ya ovakado inarudi kijani. Ile ya ndimu ni kinyume kidogo, jua kali la mchana linaweza kuiunguza kingo, inapenda la asubuhi. Zibadilishane tu nafasi. Na hiyo mbolea ya kuku kama ni mbichi imezidi, acha kwanza.

Vitundu na kulegea nunua dawa ya wadudu upulize, kwisha.

amukeke_na_chai
Mzee wa Mukono kwa maji na jua nakubali mia kwa mia, kwa dawa hapana, subiri.

Mimi ni wa wilaya ya Kumi, kwetu Teso, mashariki mwa Uganda, kiazi ndo kila kitu, tunakata tunaanika tunapata amukeke, tunaponda tunaanika tunapata inginyo, kwa hiyo huyu mdudu nimekua naye. Dada, kitu usichoambiwa na yule kijana ni kwamba hiyo ya maua ni kiazi kitamu kile kile, si binamu, ni mmea mmoja, Ipomoea batatas, tofauti ni kwamba wenzetu walichagua majani badala ya kiazi. Ukisoma maelekezo ya Marekani utaona wanasema haina matatizo, shida yao kubwa ni baridi, mmea unakufa kwa baridi ya kugandisha, wanachimba viazi wanavihifadhi ndani mpaka joto lirudi. Sasa hapa Uganda baridi hiyo hatuna, mmea unaishi mwaka hadi mwaka, na mdudu naye vilevile halali. Tena wewe umeuleta katikati ya nchi yenye lumonde kila uchochoro. Angalia nyuma ya ukuta wako, sitashangaa kukiwa na mtu kalima viazi kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa.

Kulegea mchana wakati udongo una maji, mimi nawaza fukusi. Mkubwa wake ni mweusi, mwembamba, ana mdomo mrefu, ukimtazama haraka unadhani ni siafu, ukimgusa anajifanya amekufa anajiangusha chini. Toka na tochi usiku utawaona wakitembea. Lakini anayeua shina ni mtoto wake. Jike anataga kwenye shina la zamani karibu na udongo, au anashuka kwenye nyufa za udongo mpaka kwenye kiazi. Ndo maana viangazi ndo wakati wake, udongo wa ndoo ukikauka unajitenga na ukingo, unaacha mlango wazi.

Fanya hivi, usiamini maneno yangu. Chukua kisu, fukua udongo kidogo pale shina linapoingia. Kama shina limevimba na kupasuka pasuka, likate kwa urefu. Ukikuta njia nyeusi nyeusi imejaa kinyesi kama vumbi la msumeno na ndani kadudu keupe kamejikunja, hakana miguu, kichwa cha kahawia, basi umempata. Dawa ya kupuliza majani haimfikii huyo, yuko ndani ya nyumba yake amefunga mlango, utajipulizia wewe na watoto hapo kibarazani bure.

Kwa mama mkwe usimpe kwanza. Nimeandika mengi, nitarudi.

tembele_kabalagala
Jamani mimi Mtanzania niko Kampala mwaka wa nne na bado sijazoea, hapa majani ya viazi mnawapa sungura na nguruwe! Kwetu hayo ni matembele, ncha laini, kitunguu, nyanya, karanga ukipenda, na ugali. Haya ya maua pia yanalika maana mmea ni ule ule, ila dada usile uliyonunua kwa muuza maua mpaka yaote mapya, hujui walipuliza nini.

Kiazi chenyewe nilishawahi kuchemsha cha ile nyeusi, si sumu, lakini hakina raha, maji maji na kauchungu. Na kiazi chochote kilichotobolewa na fukusi kina uchungu mkali, hicho hata mbuzi usimpe.

amukeke_na_chai
Nimerudi. Mama mkwe. Ukiacha fukusi kuna ugonjwa wa virusi, majani yanakuwa madogo, yamepinda, yamepauka, mmea unadumaa. Wanaobeba ni inzi weupe na vidukari, lakini anayesafirisha mbali ni binadamu na shina lake mkononi. Shamba likishikwa vibaya unachimba tuta zima unapata vidole vya mtoto. Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Namulonge wamehangaika miaka kutoa mbegu zinazovumilia, hizo mnazoziita NASPOT, na Dr Robert Mwanga wetu alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani 2016 kwa viazi vya rangi ya chungwa, halafu wewe umpelekee mama ugonjwa kwa ajili ya rangi ya majani? Hapana.

mukono_maua
Sasa ssebo na wewe, mama mkwe unamkatalia vipi? Umewahi?

amukeke_na_chai
😂 Sijawahi. Basi ampe ncha, si shina la chini. Urefu wa sentimita 25 hadi 30, kutoka kwenye tawi lisilo na alama yoyote, maana fukusi anapenda kutaga kwenye shina gumu la zamani, ncha huwa safi. Azipande kwenye kopo mlangoni, mbali na shamba, aziangalie mwezi. Zikipinda majani, ang'oe.

kibaraza_kireka
Banange nimerudi na majibu. Nimechukua kisu cha jikoni jana jioni.

Ile nyeusi: ndoo ilikuwa na tundu moja tu chini na limezibwa na jiwe nililoweka mwenyewe, ati maji yatoke vizuri. Nilipoinamisha yakatoka maji yananuka kama mtaro. Mizizi nusu imeoza, ila katikati kulikuwa na viazi viwili vya zambarau vimejibana na plastiki mpaka vimekuwa bapa. Nimekata ncha nne nimeziweka kwenye glasi ya maji dirishani, ndoo nimetoboa matundu sita kwa msumari wa moto.

Ile ya ndimu, mzee wa Kumi una macho. Shina nene kama kidole gumba limepasuka, nimelipasua kwa urefu, wako watatu ndani, weupe, wamejikunja, mmoja akawa anazungusha kichwa. Nilirusha kisu. Udongo ulikuwa umeachana na ndoo kiasi cha kuingiza shilingi. Na ndiyo, nyuma ya ukuta kuna lumonde ya watu, nilikuwa naitazama kila siku.

Mmea wote na udongo nimefunga kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) nzito nimeacha juani, hiyo ndoo nitaanza upya na udongo mwingine na nitakuwa najaza nyufa.

tembele_kabalagala
Ncha za kwenye glasi zitatoa mizizi ndani ya wiki hivi, usizisahau humo mpaka maji yaoze. Na ukipunguza punguza ncha za mmea zinakuwa na matawi mengi, hizo unazopunguza niite.

mukono_maua
Mama mkwe je?

kibaraza_kireka
Ameondoka leo asubuhi na ncha tatu za ile nyeusi kwenye karatasi yenye maji. Nimemwambia mama, kopo, mlangoni, mwezi mzima. Akasema kale (sawa) mwanangu, nimesikia. Halafu akiwa ameshapanda taxi akaniuliza dirishani, tuta linatakiwa liwe refu kiasi gani?