Kuhamisha hifadhidata ya GB 40: mysqldump, kunakili faili au replika?

mgeni_wa_seva
Wakuu, salaam. Nina MySQL 5.7, data kama GB 40, naihamishia seva mpya yenye 8.0. Watumiaji wapo usiku na mchana. Nimeona njia tatu: mysqldump, kunakili /var/lib/mysql, au kuifanya seva mpya replika (inayofuata kila badiliko la seva ya zamani) kisha nihamishie programu huko. Mngechukua ipi?

jedwali_tupu
Mysqldump, mkuu. Inatoa SQL ya kawaida, kwa hiyo tofauti ya matoleo haikusumbui sana. Weka --single-transaction upate picha ya wakati mmoja bila kufunga majedwali. Hiyo inafaa majedwali ya InnoDB tu, ya MyISAM (aina nyingine ya uhifadhi) hayalindwi. Ongeza --routines na --events (taratibu na matukio yaliyohifadhiwa ndani ya hifadhidata), haziji zenyewe (triga, yaani amri zinazojiendesha data ikibadilika, huja). Kazi iko kwenye kurudisha: kila safu inaingizwa upya na faharasa zinajengwa upya.

kiboko_ya_logi
Kunakili faili ni haraka zaidi, ila usithubutu seva ikiwa inaandika. Mimi nilithubutu. Nakala ilikuwa na ukubwa uleule, faili zote zipo, na InnoDB ikagoma kuwaka. Zima MySQL kwanza, au tumia XtraBackup, programu inayonakili faili seva ikiwa inafanya kazi. Kwa 5.7 ni XtraBackup 2.4, na unarudishia kwenye 5.7, ndipo unapandisha kwenda 8.0.

binti_wa_kerneli
Mbona hakuna aliyetaja akaunti? Ukitoa nakala ya hifadhidata moja, watumiaji na ruhusa zao hawamo. Wanakaa kwenye hifadhidata ya mfumo iitwayo mysql. Programu itafika seva mpya ikataliwe mlangoni. Wala usiirudishe hiyo ya mfumo ya 5.7 juu ya 8.0. Chukua akaunti kwa SHOW CREATE USER na SHOW GRANTS. Ukiunda akaunti mpya kwenye 8.0, kwa kawaida itatumia caching_sha2_password (njia ya kuthibitisha nywila), na maktaba kuukuu za kuunganisha programu haziijui.

Kwa swali lako: replika. Toa nakala kwa mysqldump yenye --master-data=2 ili nafasi ya binlog (logi ya kila badiliko la data) iandikwe humo, irudishe, halafu 8.0 ifuate 5.7 hadi iifikie. Binlog kwenye 5.7 huwa imezimwa, kuiwasha ni lazima uanzishe seva upya. Na logi zisifutwe kabla hujamaliza kurudisha!

jedwali_tupu
Replika kwa GB 40? Tangaza matengenezo usiku mmoja, yaishe.

binti_wa_kerneli
Kasema watu wapo usiku na mchana, ndugu yangu.

mgeni_wa_seva
Nimejaribu kwanza kurudisha kwenye mashine ya pembeni: saa 3 na dakika 10. Siwezi kuzima muda wote huo, naenda na replika. Jaribio limefichua mengine: viyuu moja (hoja iliyohifadhiwa inayosomwa kama jedwali) inakataa kufunguka kwa sababu DEFINER wake, yaani akaunti inayoimiliki, hayupo kwenye seva mpya, na kuna majedwali mawili ya MyISAM ambayo sikujua kama yapo.

kiboko_ya_logi
Hayo mawili yageuze InnoDB kwanza, ndipo utoe nakala tena. Uliyo nayo sasa usiiamini.