Aljebra dhahania: bado ni dira ya fizikia, au imetupoteza njia?

Mchambuzi_Spini: Wakuu, nauliza kwa nia njema. Mwaka 1961 wanafizikia Gell-Mann na Ne'eman, kila mmoja kivyake, walizipanga chembe kwa kundi la SU(3), yaani mkusanyo wa mageuzi yanayoacha ulinganifu ulivyo. Kwenye familia ya chembe kumi, nafasi tisa zikapata wenyewe, moja ikabaki wazi, na Gell-Mann akataja chaji na uzito wa atakayekaa pale. Mwaka 1964 maabara ya Brookhaven ikaipiga picha: Omega hasi. Aljebra ya namna hiyo naipenda, maana inanyoosha kidole na kusema chimba hapa. Siku hizi tunaletewa makundi makubwa zaidi kama SU(5) na E8, supasimetria (kila chembe kupewa pacha) na oktonioni (namba zenye sehemu nane), tunachimba na hatutoi kitu. Bado tuifuate?

Mzee wa Vipimo: Tuiache. SU(5) ya Georgi na Glashow, 1974, ilikuwa nzuri mno machoni, kundi moja limebeba nguvu tatu. Ikasema protoni, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu, itaoza. Watu wakaingia chini ya mlima Japani, wakajaza tangi tani 50,000 za maji safi, na tangu 1996 Super-Kamiokande imekaa gizani ikingoja mmweko mmoja. Hakuna. Kwa njia ya kuoza iliyotarajiwa, uhai wa protoni umeshazidi miaka 10 kwa kipeo cha 34, na SU(5) ile ya mwanzo imezikwa. Hao wa oktonioni ndio kabisa. Kitu ukihamisha mabano jibu linageuka, hicho si namba, ni mchezo wa mwanahisabati Cayley kwa watu wenye muda mwingi.

Binti_Hisabati: Shikamoo mzee, ila hapo umegusa pabaya. Si mchezo wa Cayley! John Graves alizipata oktonioni Desemba 1843, miezi miwili tu baada ya rafiki yake, mwanahisabati Hamilton, kuchonga fomula ya kwatenioni (namba zenye sehemu nne, zinazoeleza mizunguko) kwenye jiwe la daraja Dublin. Akamwandikia Hamilton, Hamilton akaahidi kumtangazia, akachelewa. Cayley akachapisha 1845 na jina likamwendea yeye. Mtu kapoteza haki yake kwa kumngoja rafiki, nawe unamfuta mara ya pili.

Mzee wa Vipimo: Marahaba binti. Graves nampa haki yake. Lakini namba ni kitu cha kuhesabia na kupimia. Nionyesheni kipimo kimoja kilichowahi kusoma oktonioni.

Mchambuzi_Spini: Jamani, niliuliza kuhusu dira.

Fundi Matriksi: Mzee, maneno hayo waliambiwa waliotumia namba hasi, kisha waliotumia kipeuo cha pili cha hasi moja. Leo kipeuo hicho kimo ndani ya mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, ule wa msingi wa fizikia ya kwantumu, na hakuna anayelalamika. Chukua kitabu, kilaze mezani jalada likiwa juu. Kiinue robo mduara kikuelekee, kisha kigeuze robo mduara kulia. Kirudishe, anza na ile ya pili. Jalada litaangalia upande mwingine. Mfuatano umebadili jibu, na hicho ni kitabu, si ndoto. Mwanahisabati Hurwitz alithibitisha 1898 kwamba namba za ukoo huu ni za dimensheni (sehemu) 1, 2, 4 na 8, basi. Kila hatua unaacha kitu: kwanza unaacha kubwa na ndogo, halafu unaacha kubadilishana nafasi, mwisho unaacha uhuru wa mabano. Aliyezoea kusoma mizani huona kila kitu ni kilo.

Mzee wa Vipimo: Kilo? Nimekesha na vigunduzi miaka ambayo wewe hujaanza kujumlisha. Usinifundishe mizani.

Fundi Matriksi: Sijakutukana, mzee. Wewe ndiye uliyewaita wenzako watu wenye muda mwingi.

Kimya Kingi: Mnaliruka jambo kubwa. Vitendo vinavyofuatana havijali mabano: vaa soksi, vaa kiatu, funga kamba, vigawe upendavyo, mfuatano ni ule ule. Oparata za kwantumu, yaani alama za hesabu zinazowakilisha vipimo, ni vitendo. Ndiyo maana wanasayansi Jordan, von Neumann na Wigner walipozichambua aljebra za vipimo vya kwantumu mwaka 1934, walibaki na moja ya pekee yenye oktonioni: matriksi (majedwali ya namba) za 3 kwa 3, dimensheni 27. Hapo ndipo pa kubishana, si kwenye neno "namba".

Binti_Hisabati: Neno "namba" ndilo lenyewe! Mtu akishasema si namba, hafungui tena kitabu. Mzee, kaa na karatasi. Oktonioni zina vizio saba, e1 hadi e7, mbali na 1. Chukua e1·e2 = e4, e2·e3 = e5, e3·e4 = e6, e5·e6 = e1, ukijua ukigeuza nafasi unapata hasi, na kila utatu unazunguka, yaani e5·e6 = e1 inakupa e1·e5 = e6. Sasa zidisha e1, e2 na e3 kwa mabano ya aina mbili, uniambie umepata nini.

Mchambuzi_Spini: Na nijirekebishe, kuna aliyenikumbusha pembeni. Chembe za W na Z, zinazobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, nazo zilisubiriwa na makundi ya SU(2) na U(1), zikaonekana kwenye maabara ya CERN 1983. Kwa hiyo dira ilifanya kazi zaidi ya mara moja.

Mzee wa Vipimo: Nimekaa na karatasi. Mabano ya kwanza: e4·e3, ni hasi e6. Ya pili: e1·e5, ni e6. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile na tofauti ni alama ya kutoa peke yake. Sikutarajia itoke safi hivyo, nakiri. Sasa niambieni ni chombo gani kitaiona alama ya kutoa.

Fundi Matriksi: Ilishaonekana, mzee wangu. 1975, nyutroni kwenye intaferomita, chombo kinachogawa wimbi na kuliunganisha tena. Ukiizungusha spini yake (mzunguko wa asili wa chembe) digrii 360 hairudi ilivyokuwa, inarudi na hasi. Ni hadi 720 ndipo inakuwa yenyewe. Mlikuwa mnasema alama haionekani.

Mzee wa Vipimo: Hiyo ya nyutroni ni kazi ya kwatenioni, na kitabu chako kimeshanitosha kwa hizo. Mimi nauliza ya e6.